Kengele Iliyojazwa Vitambaa

KAKA: Haloo? Nani mwenye namba hii?

DADA: Mimi. Mama hayupo.

KAKA: Mimi nani? Sauti inakatika—

DADA: Mdogo wako! Natumia simu ya jirani, yangu haina chaji. Mama hayupo.

KAKA: Hata shikamoo hakuna?

DADA: Shikamoo kaka. Mama kaondoka na gari.

KAKA: Ngoja nitoke, humu karakana wanakata vyuma... Haya. Gari la nani?

DADA: Sijui.

KAKA: Hujui vipi?

DADA: Jirani kaliona linatoka kwetu, mama kakaa nyuma kama mke wa waziri. Dogo, jeupe.

KAKA: Magari meupe yamejaa dunia nzima.

DADA: Ndivyo walivyoniambia polisi kituoni. Wanataka namba. Nikawaambia kengele yetu haisomi namba.

KAKA: Huu si wakati wa utani.

DADA: Nani anatania?

KAKA: Na hiyo kengele je? Nimechimba mtaro ule mwenyewe, nimefukia waya mpaka viganja vikatoka malengelenge. Gari likipita juu yake, inalia. Haikulia?

DADA: Ililia.

KAKA: Ililia, wewe ukiwa wapi?

DADA: Chumbani kwa cherehani. Nina sare za shule za kumalizia, na ile mashine ya umeme ikinguruma—

KAKA: Inanguruma nini? Kengele ile inaamsha maiti! Nimeifunga juu ya kichwa chako makusudi!

DADA: [mtandao unakwaruza] ...vitambaa.

KAKA: Nini?

DADA: Nimeijaza vitambaa. Vile vipande vinavyobaki nikikata nguo. Nimeishindilia mpaka ikawa inakoroma tu.

KAKA: Umefanya nini? Wewe mwanamke una akili? Mama anapanda kila gari linaloingia uani! Kapanda la muuza gesi, kapanda la wale waliopotea njia ya harusini. Ndiyo maana tukaweka kengele, ukisikia utoke umshike mkono. Halafu wewe unaiziba mdomo!

DADA: Umemaliza?

KAKA: Sijamaliza!

DADA: Basi maliza, salio la watu linaisha.

KAKA: ...Sema.

DADA: Wewe umeifunga ukarudi kazini kwako. Hukukaa nayo. Nyumba yetu iko mwisho wa barabara, kila aliyepotea anageuzia kwetu. Ikilia, nani anakuwa wa kwanza kusimama? Mimi? Mama! Poda usoni, viatu vya kutokea, mkoba kwapani. "Baba yenu kafika." Anasimama barazani anatabasamu. Gari linageuza, linaondoka. Analia kama mtoto mpaka usingizi umchukue. Akiamka, kengele inalia tena. Kaka, ulimwekea mama kengele ya kumwita.

KAKA: Nilikuwekea wewe.

DADA: Masikio yake ni mazima, kilichougua ni kumbukumbu. Nikasema ilie kidogo, nisikie mimi peke yangu.

KAKA: Ukasikia?

DADA: Nilikuwa nashona kola.

KAKA: Nakuuliza.

DADA: Mguu ulikuwa kwenye pedali, kaka.

KAKA: Ningeweka geti. Tangu mwanzo ningeweka geti, yangeisha.

DADA: Wewe fundi mageti, kwetu kuko wazi kama uwanja wa mpira. Kinyozi hajinyoi.

KAKA: Nililileta! Si mama aliyelikataa? "Mume wangu akirudi na lori lake alikute limefungwa?" Ungemjibu nini? Baba yuko kaburini, wewe ungemjibu nini?

DADA: Nisingemjibu. Hatujawahi kumjibu.

KAKA: Basi usiniseme.

DADA: Sikusemi. Naogopa.

KAKA: ...Umetafuta sokoni?

DADA: Sokoni, stendi, zahanati. Nimepita na picha yake kama natangaza chama.

KAKA: Ningekuwa karibu—

DADA: Hupo karibu.

KAKA: Nikimwomba bosi ruhusa sasa hivi, basi la kwanza ni kesho. Nitafika mmeshamwona. Au—

DADA: Usiseme hiyo "au".

KAKA: Sisemi.

DADA: Ngoja!

KAKA: Nini? Hiyo ndiyo kengele? Naisikia!

DADA: Nimevitoa vitambaa vyote. Gari linaingia. Jeupe. Kaka, ni jeupe, ni— Mama! Mama! Nakuja, usishuke peke yako!

KAKA: Yuko salama? Haloo? Yuko mzima? ...Haloo! Jamani, mtu ashike hiyo simu!

[mtandao unakwaruza]

DADA: Nipo. Nipo, kaka. Yuko mzima. Nilikuwa namkalisha barazani na kumsikiliza dereva.

KAKA: Mungu mkubwa. Mungu mkubwa. Mpe huyo dereva simu nimtukane.

DADA: Usimtukane, mwenyewe anaomba radhi tangu ashuke. Muuza rangi za nyumba, aliingia kugeuza. Mama kafungua mlango, kakaa, kamwambia kwa heshima zote, "Mwanangu, nipeleke kwenye mizani ya malori, mume wangu ananisubiri." Kapendeza, anaongea vizuri. Wewe ungejua ni mgonjwa?

KAKA: Akampeleka?

DADA: Akampeleka. Mama akapita lori moja baada ya jingine, anamuulizia baba kwa jina. Wengi wakacheka tu. Kukawa na dereva mmoja mtu mzima, aliwahi kusafiri na baba.

KAKA: Usiniambie.

DADA: Akamwambia. Hakujua kama mama ni mgonjwa. "Pole shemeji, yule tulimzika. Mimi mwenyewe nilibeba jeneza."

KAKA: Akafanyaje?

DADA: Alianguka palepale kwenye lami. Sasa yuko barazani, kakaa chini, sauti imekauka. Ananiuliza kwa nini hatukumwita kwenye mazishi.

KAKA: Alikuwepo! Mwambie alikuwepo, mimi ndiye niliyemshika mkono!

DADA: Nimemwambia. Anasema sisi ni waongo, tumemficha mumewe.

KAKA: Mpe simu.

DADA: Hataki simu ya mtu yeyote.

KAKA: Labda kesho atakuwa amesahau.

DADA: Labda. Halafu litaingia gari jingine. Niifungue kengele au niizibe? Wewe ndiye fundi, niambie.

KAKA: Sijui. Mdogo wangu, sijui.

DADA: Salio linaisha, nimesikia mlio. Jirani naye kasimama hapa—

KAKA: Ngoja, usikate. Ameumia? Amepoteza kitu huko?

DADA: Magoti yamechunika. Miwani imevunjika, kiatu kimoja kimebaki mizani. Na mume. Kwake baba kafa leo, kaka, na nyumba nzima ina mimi peke yangu wa kumfari—