Afande Justa Aliyeshindwa Kudanganya

Tarehe 30 Juni 2025, Sajini Meja Justa Mayala anastaafu baada ya kulitumikia Gereza la Mahabusu la Mawemapana kwa miaka thelathini na minne. Mhariri wa jarida letu ameniagiza niandike mema tu. Kwa Afande Justa kazi hiyo ni nyepesi. Uzito uko kwetu sisi wengine.

Alianzia lindoni, kisha akapelekwa ofisi ya kumbukumbu, huku akiendelea kushika zamu. Alikemea kwa Kisukuma na kuomba radhi kwa Kiswahili. Aliwahi kujiandikia onyo kwa kuchelewa dakika nne, akalisaini mwenyewe kama mtoaji na kama mpokeaji.

Mwaka 2019 chumba namba tatu, kilichojengwa kwa watu arobaini, kilikuwa na mia moja na kumi na wawili, wenye ndoo moja na kidirisha kimoja. Walilala kiubavu; mmoja akitaka kugeuka, wote waligeuka. Malalamiko yao yalijibiwa bila kuchelewa: suala linashughulikiwa.

Februari alifariki mahabusu aitwaye Yahaya, muuza viatu wa Mirongo. Taarifa yetu ilisema alifia njiani kwenda hospitali kwa homa ya ghafla. Mwenzake wa chumba hicho, Antoni Shimba, fundi cherehani wa Mabatini aliyekuwa akisubiri hukumu mwaka wa nne, akachoka kushughulikiwa. Aliandika maombi kwa mkono, akaishtaki hali ya gereza Mahakama Kuu.

Uongozi wa wakati ule haukulala. Ulipaka rangi ukuta wa mbele, ule unaoonekana kutoka barabarani. Kisha ukamteua Afande Justa kuwa shahidi wetu, kwa kuwa kila mtu alijua hasemi uongo. Hapo ndipo hesabu zilipokosewa.

Mahakamani Shimba alijiwakilisha mwenyewe, akamuuliza maswali mawili tu.

“Afande, asubuhi ile nilipokuita nikisema Yahaya hapumui, ulipita wapi kumfikia?”

“Sikupita. Hapakuwa na pa kukanyaga. Mlimpitisha juu ya vichwa vyenu mpaka mlangoni.”

“Alikuwa hai?”

Afande Justa alimtazama Jaji, si mkuu wake. “Hapana, Mheshimiwa. Alikuwa ameshapoa.”

Mahakama iliamuru chumba kipunguzwe watu na kiongezwe madirisha. Wiki iliyofuata Afande Justa alihamishiwa bustani ya mchicha, kwa manufaa ya umma. Mchicha ulinawiri kuliko wakati wowote. Leo chumba namba tatu kina watu hamsini na mmoja, na katika taarifa ya mwaka uongozi umeyaita mabadiliko hayo matunda ya maono yake.

Jambo moja halimo katika taarifa hiyo. Baada ya hukumu, Afande Justa alikwenda Mirongo akiwa amevaa sare, akaketi mkekani na Mama Mwaija, mzazi wa Yahaya, akamweleza mwanawe alivyokufa. Mama alilia, kisha akamshukuru kwa kuwa mtu wa kwanza kuja.

Afande, tunakuombea afya, usingizi mwema na wajukuu watundu. Mimi nilikuwa zamu nawe asubuhi ile, nikauona mwili. Sikuitwa mahakamani, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Shikamoo, Afande Justa.