Mtu wa Sabuni: Maisha ya Zakayo Ewesit Lokuruka, 1967–2025

Tumekutana hapa Ngaremara leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, kumzika Zakayo Ewesit Lokuruka na kumsimulia. Mwenyewe angetaka asimuliwe tangu mwanzo bila kurukwa hatua, maana mtu wa kuruka hatua alimkera maisha yake yote. Anayesoma ni Linda, kifungua mimba wake, naye ameombwa na familia asilie kabla ya ukurasa wa pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 huko Leparua, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Lokuruka na marehemu Mama Natabo. Alipokuwa na miaka saba, punda wa nyumbani alimpiga teke la kichwa wakati wa kuteka maji. Alilala siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu aliamka, akaomba maziwa, na boma zima likashangilia. Hakuna aliyejua kwamba teke lile lilikuwa limeondoka na kitu. Tangu siku hiyo Ewesit hakusikia tena harufu yoyote, iwe ya mvua, ya nyama choma au ya mzoga. Mwanzoni alidhani atapona. Baadaye akazoea, na alipokuwa mkubwa akaona aibu kusema.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 katika shule ya misheni mjini Isiolo, akiwa mrefu kuliko wenzake wote na, kwa ushahidi wa dada yake, mtundu kuliko wote pia. Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, kisha akaingia karakana ya misheni kujifunza kulehemu. Hapo ndipo alipokutana na mitungi ya gesi kwa mara ya kwanza, na alifunzwa kuiheshimu: mtungi hausukumwi kwa teke, hauachwi juani, na hausimami bila kufungwa mnyororo. Mwalimu wao aliwafundisha kutafuta gesi inayovuja kwa pua kwanza, halafu kwa povu la sabuni. Ewesit aliiruka ile ya kwanza kimyakimya, akaishika ile ya pili kwa mikono miwili. Ni hatua pekee aliyowahi kuruka.

Alilehemu mageti na matrela ya watu kwa miaka kumi na mitatu. Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa na Mzee Dualeh, ambaye yadi yake ya gesi ya kupikia iko kando ya barabara ya Moyale. Dualeh alimuuliza swali moja tu: "Gesi ikitoka, wewe utajua?" Ewesit akajibu, "Mzee, gesi haiwezi kunipita." Hakudanganya hata kidogo. Kila asubuhi alikoroga sabuni ya unga katika ndoo ya bluu, akachukua brashi ya kupakia rangi, na kupaka kila kiungo, kila vali na kila mpira wa kupitishia gesi kabla ya mtu yeyote kufungua chochote. Povu likitulia, kazi ilianza. Likivimba, kazi ilisimama. Wenzake walimwita Mtu wa Sabuni, wakamcheka kwamba anaosha matangi yasiyo na jasho.

Alikuwa mkali pia kuhusu kujaza. Tangi la gesi halijazwi hadi juu, kwa sababu gesi iliyogeuzwa maji huvimba jua linapowaka, na jua la Isiolo halina utani. Nafasi ile inayoachwa aliiita chumba cha mgeni. Dereva akimsihi aongeze kidogo tu, alijibu, "Na mgeni akija saa saba mchana, alale wapi?" Wala hakuruhusu mpira uunganishwe kabla ya ule waya wa kupeleka umeme ardhini kufungwa kwenye lori, kwani gesi ikikimbia ndani ya mpira huzaa umeme wake, na cheche moja inatosha. Madereva walinung'unika. Lakini madereva hao hao waliporudi kwao Meru na Marsabit walitaka yadi zao zifanywe hivyo.

Kuhusu ndoa, tuna ushahidi wa kutosha. Mwaka 1992 alipelekwa kwa wakwe kujitambulisha, na binti wa nyumba, Nakaale, kwa woga akaunguza maharagwe. Wageni wote walionja wakaweka sahani chini kwa adabu. Ewesit alimaliza yake, akaomba nyongeza. Wakwe walisema hawajawahi kuona mapenzi ya namna ile. Nakaale peke yake hakushawishika. Alimfuata nje akamuuliza, "Wewe, huskii hii kitu imeungua?" Ndipo akamwambia, yeye wa kwanza duniani. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1993, na tangu hapo Nakaale alikuwa pua ya nyumba. Aliitunza siri ile miaka ishirini na zaidi. Walijaliwa watoto watatu: Linda, Achuka na Lowoi.

Siri ilifichuliwa na panya. Mwezi wa Julai 2014 panya alifia juu ya dari la ofisi ya yadi, na watu wote wakakimbilia nje wakiziba pua. Dualeh alirudi kuchukua simu yake, akamkuta Ewesit ameketi chini ya dari hilo hilo akila ugali na sukuma kwa raha zake.

"Ewesit, hii harufu huskii?"

"Harufu gani?"

Dualeh alikaa chini. Ilibidi aambiwe yote, tangu punda. Alimpenda Ewesit kama ndugu, na familia inataka ijulikane kwamba hakumtukana. Lakini aliogopa, na yeyote angeogopa. "Walaahi, wewe ni ndugu yangu," alisema, "lakini hii kazi ni ya pua. Mwezi wa nane ukiisha utaenda kukaa getini." Miaka kumi na sita ya kazi, na sasa mlinzi wa geti. Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia Nakaale kwamba hajui kufanya kitu kingine chochote, na kwamba afadhali angefukuzwa kuliko kuwatazama wengine wakifungua vali bila ndoo. Alilia. Tunalisema hapa kwa kuwa mwenyewe hakulificha.

Mwezi haukuwa umeisha. Jumanne tarehe 26 Agosti 2014 yadi ilikuwa ikizindua tangi jipya la tani ishirini, chuma kilichotoka karakana kikiwa bado kinang'aa. Lori la gesi lililetwa na Mwirigi, dereva hodari na mcheshi kutoka Meru. Magurudumu yaliwekewa vizuizi, waya wa ardhini ukafungwa, mpira ukaunganishwa. Utaratibu ni kuingiza mvuke kidogo kwanza, na ile gesi ya maji baadaye. Mvuke ukaingia. Dualeh akanusa, Mwirigi akanusa, wafanyakazi wawili wakanusa. Wote wakasema hawasikii kitu.

Ewesit, aliyebakiwa na siku tano za kazi, alikuwa amepiga magoti na ndoo yake. Kiungo cha kwanza kilikuwa kitulivu, cha pili kitulivu, cha tatu kitulivu. Kiungo cha nne, kilichokuwa upande wa chini kuelekea ukuta, kilitoa povu kubwa kama maandazi.

"Simamisha," alisema.

Mwirigi akacheka, maana habari ya punda ilikuwa imeshamfikia. "Mzee, pua yangu iko sawa na haiskii kitu. Yako nayo ilikufa na punda. Wacha tumalize, jua linapanda."

Ewesit hakubishana. Alinyanyuka, akabonyeza kile kitufe chekundu cha dharura, na vali zote zikajifunga. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria: alitazama ardhi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini ikitafuta bonde, na chini ya kiungo kile palikuwa na mtaro unaopita ukutani kwenda nje. Ng'ambo ya ukuta, hatua nane tu, Shamis alikuwa na jiko lake la makaa, akiwapikia watu chai. Nyuma ya Shamis kulikuwa na chekechea yenye watoto arobaini na sita.

Alitoka getini akitembea haraka, bila kukimbia, kwa maana alisema akikimbia watu watashtuka na kuanza kupigiana simu.

"Shamis, salaam aleikum. Zima jiko sasa hivi."

"Waaleikum salaam. Ewesit, chai ya watu iko juu!"

"Hiyo chai mwaga kwa makaa. Yote."

Shamis alimtazama usoni, akanyanyua sufuria nzima ya chai ya maziwa, akaimwaga. Wateja walipiga kelele, akawafukuza na mwiko. Mwalimu wa chekechea, alipoambiwa na Ewesit, aliwatoa watoto kwa mlango wa juu, upande unaotoka upepo, wakiimba, wakidhani ni matembezi. Zimamoto walifika wakarushia maji mahali pote mpaka hewa ikasafika. Kiungo kilipofunguliwa, raba ya kuziba ilikutwa imebanwa vibaya, upande mmoja umekatika. Ingekuwa gesi ya maji imeshaingia, kila lita moja ingetoka nje ikawa zaidi ya lita mia mbili za mvuke, na sote tunajua makaa yalikuwa wapi.

Mhandisi aliyekuja kutoka Nairobi siku ya tatu yake ndiye aliyeeleza. Gesi yenyewe haina harufu, hutiwa harufu kiwandani ili ijulikane ikivuja, na chuma kipya huila ile harufu. Pua nne nzima zilikuwa zimedanganywa pale, na aliyeokoka na uongo huo ni yule mmoja asiyekuwa na pua. Dualeh aliwakusanya watu wote wa yadi akasema mbele yao: "Mimi nilitaka kumpeleka huyu mtu getini. Nimekosa. Kuanzia leo hapa ndani mtu asiniambie 'siskii kitu'. Aniambie Ewesit amepaka sabuni." Alimpa mkono, na hakumwachilia upesi. Mwirigi alinunua ndoo yake mwenyewe siku iyo hiyo, na iko katika lori lake mpaka leo.

Marehemu alifanywa mkuu wa usalama wa yadi. Mpaka alipostaafu mwezi Machi mwaka jana alikuwa amefundisha watu zaidi ya mia mbili, kutoka Isiolo hadi Moyale, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeungua kazini. Huo ni ushindi, na familia inautangaza kwa sauti kwa kuwa yeye hakuutangaza.

Novemba 2024 alianza kushindwa kumeza chakula. Ilipatikana saratani ya umio. Alitibiwa Meru, na Nakaale hakuondoka kando yake. Katika wiki za mwisho aliwekewa oksijeni, na siku moja muuguzi aliyejipaka mafuta ya mikono alikuja kufungua mtungi. Marehemu, ambaye sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, aliinua kidole: "Binti yangu, futa mikono kwanza. Oksijeni na mafuta hazielewani." Muuguzi alinawa, akarudi, akamwomba amfundishe zaidi. Somo lilichukua dakika ishirini, naye alilala vizuri siku hiyo. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Marehemu ameacha mjane, Nakaale, watoto, Linda, Achuka na Lowoi, wajukuu watano, na dada mmoja. Kwa kawaida orodha ya walioachwa hukomea kwa jamaa. Familia imekubaliana kwamba ya Ewesit haiwezi kukomea hapo. Ameacha pia, wakiwa hai, Mzee Dualeh na Mwirigi. Ameacha Shamis na wateja tisa waliokosa chai. Ameacha watoto arobaini na sita waliotoka kwa mlango wa juu wakiimba, ambao sasa ni vijana wa sekondari, na sita kati yao ndio waliobeba jeneza lake asubuhi ya leo.

Mungu ampokee Ewesit, ampe amani na pumziko alilolitolea jasho.