Risala kwa Dada Aliye Kwenye Kona ya Kioo

Mgeni rasmi, mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari ya jioni, binti wa nyumba hii na dada yetu mpendwa,

Karibu nyumbani. Sisi watu wa nyumba hii, yaani Mama, Shangazi, Kaka na mimi kitinda mimba, ninayesoma kwa sababu wenzangu wote wamesingizia miwani, tunakusalimu kwa heshima zote. Shangazi amepaka mpaka wanja. Usicheke, hii ni shughuli rasmi, na kitambaa cha kiti ulichokalia amekishona Baba mwenyewe.

TULIKOTOKA

Nyumba hii unaijua. Baba yetu ni fundi cherehani, na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Wewe ulijifunza mikono yake ungali unatambaa, nasi tukabweteka, hata Mama akasahau ishara chache alizokuwa nazo. Tukitaka kumwambia neno, tunakuita. Akitaka kutuambia neno, anakuita. Ulipopata kazi ya televisheni tulishangilia kama wendawazimu, tukakusindikiza mpaka kituo cha basi, tukarudi, tukakaa mezani. Ndipo tukagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejua kumuuliza Baba kama anataka chai nyingine.

KUHUSU KING'AMUZI

Televisheni yetu ilishakufa zamani. Kaka, aliyejipa mwenyewe cheo cha Mhandisi, alileta king'amuzi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, ukikiona utadhani flashi, na kiantena chake cha waya. Akaapa kwamba jioni ile ile Baba atakuona kazini. Tukapanga viti. Kompyuta ikatafuta chaneli, ikazipata, tukafungua ya kwenu. Sauti ikatoka safi kabisa. Kioo cheusi tii.

Jamani! Kwa nyumba nyingine, sauti peke yake ingekuwa si haba. Kwetu ilikuwa kazi bure, maana wewe ukiwa kazini husemi. Baba alikaa mbele ya kioo cheusi amevaa shati la kutokea, akimwangalia Mhandisi, na Mhandisi akiangalia dari.

Basi ikawa kiguu na njia. Antena ikawekwa dirishani, ikapanda kabatini, ikapanda paani. Shangazi akapanda kwenye kiti, akaishika juu kwa mkono akidai mwili wake unavuta mawimbi kuliko bati. King'amuzi kikatolewa tundu la mbele kikachomekwa la nyuma. Tukazima, tukawasha, tukalaumiana. Mwishowe Mama akaenda kumwita fundi kompyuta wa mtaa wa pili, naye akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, mteremsheni huyo shangazi kwenye kiti. Sauti ikija safi hivi, mawimbi yamefika. Kompyuta haina programu ya kufungulia picha." Akaiweka, na picha ikaja.

Lakini wewe hukuwepo! Tulimwona msomaji wa habari na tai yake, tukaona ramani ya mvua, wewe hatukukuona. Shangazi akaja juu: "Wamemfukuza mtoto wetu, na anatuficha!" Baba aliinuka akarudi kwenye cherehani yake. Roho zilituuma.

Kesho yake Mama alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi, habari zinaendelea. Kitambaa kikagusa kitufe, picha ikasinyaa, na pale chini kwenye kona, wewe huyo! Kumbe Mhandisi aliikuza picha ijaze kioo chote, kingo zikakatwa, na wewe ukakatwa nazo. Mama alikwenda kumvuta Baba kutoka kwenye cherehani, uzi bado uko mdomoni. Baba akakaa. Akakutazama. Kisha akaanza kukujibu. Alikujibu taarifa nzima, mpaka michezo, na sisi tulilia bila kujua anakuambia nini.

MAFANIKIO

Tangu siku ile tunakutazama sote. Masikioni tuna msomaji, machoni tuna mikono yako, tukawa tunaokota maneno. Leo tunajua waziri, mvua kubwa, mkutano, bei zimepanda. Ila ni hayo tu, maana mwalimu wetu ni taarifa ya habari. Asubuhi Shangazi humwambia Baba kwamba wananchi wametakiwa kunywa uji. Mteja akija kuchukua suruali, Mama humtangazia Baba kwamba ujumbe umewasili. Baba hucheka mpaka anashika tumbo, na kusema kweli, hatujawahi kumwona akicheka hivyo mezani kwetu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, sehemu hii hukuwahi kuambiwa. Baba aliugua. Tulimkuta amejikunja kitandani, jasho linamtoka, tukamzunguka kama watu wasio na vinywa. Kwenye habari zote tulizotazama hatukuwa tumeokota namna ya kuuliza "unaumwa wapi?" Kaka akainua mikono, akatoa alichokuwa nacho: "Eneo lililoathirika?" Baba, pamoja na maumivu yake, akatabasamu, akaonyesha ubavuni. Tukamkimbiza zahanati, akatibiwa, na unamwona ni mzima. Tulikuficha kwa kuogopa utaacha kazi. Lakini tuliona aibu, dada. Huyu ndiye aliyetushonea nguo zote tulizovaa, na tulimuuliza maumivu yake kama tunauliza habari za mafuriko.

MAOMBI

Hatuombi king'amuzi kingine, hiki kinafanya kazi. Hatukuombi urudi, fanya kazi yako, tunaringa nayo mtaa mzima. Kaka anaomba asiitwe tena Mhandisi, ombi ambalo wengine hatuliungi mkono.

Tunaomba utufundishe maneno ya nyumbani. Umelalaje. Chai imepoa. Unaumwa wapi. Pumzika, utashona kesho. Samahani. Tufundishe kila siku ya likizo yako, hata Shangazi, ingawa atabishana na mwalimu.

Na kuna neno moja tunaliomba leo, kabla ya chakula. Tumelisubiri kwenye taarifa ya habari jioni baada ya jioni, halijatajwa, na sasa tunaamini halitatajwa. Ni kwamba tunampenda.

Tunajua tangu tuanze kusoma risala hii umekuwa ukimfasiria Baba kila neno, na ndiyo maana anafuta macho. Lakini hilo la mwisho, kama bado hujamwambia, shusha mikono. Usimwambie wewe. Tuonyeshe sisi linavyosemwa, tumwambie wenyewe.

Mungu akulinde uendako na akurudishe kwetu salama.

Ni sisi, Mama, Shangazi, Kaka na kitinda mimba, watu wa nyumba ya Baba. Tumeshasimama mbele yake, mikono iko tayari.