Mzee Piusi Boay Axwesso: Kifua Kilichosubiri Baraka

Marehemu Mzee Piusi Boay Axwesso alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Qurus, enzi ambazo Karatu yote ilikuwa bado chini ya Mbulu.

Alisoma hapa hapa Qurus na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Alichokianza alikimaliza, jambo ambalo baadhi yetu wajukuu wake bado tunalitafakari.

Mwaka 1974 aliajiriwa mpishi katika kambi ya watalii ukingoni mwa Kreta, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2009. Watalii walisifu mkate wake. Wenzake walikumbuka mwiko wake, maana aliyeingia jikoni bila kunawa alirudishwa bombani nao. Aliyerudishwa mara nyingi kuliko wote ni mlinzi wa kambi, Mzee Parmuat wa Endulen, na hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia. Asubuhi za ukungu walikunywa chai pamoja nje ya jiko, wakitaniana mpaka jua litoke.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Bibi Bernadina wa Daa. Bibi alizoea kusema kwamba katika vijana wote waliokuja kuposa, ni huyu tu aliyekuwa na kucha safi.

Mwaka 2013 alianguka shambani kwenye mbaazi. Moyo ulikuwa unadunda polepole mno, akawekewa betri ya moyo chini ya ngozi ya kifua. Mwaka 2023 betri ilikaribia kuisha, ikabidi ibadilishwe. Daktari alionya kwamba mara ya pili ni ya kuogopwa zaidi, kwa sababu wadudu wakiingia palipofunguliwa upya, itabidi kung'oa betri pamoja na nyaya zilizokwisha kushikana na moyo. Kwa hiyo kidonda kisiguswe, kisipakwe samli, kisilowe.

Wiki hiyo hiyo Mzee Parmuat alifika kumbariki rafiki yake kama wazee wa Kimasai wanavyobariki: kwa mate, tena pale palipouma. Shangazi Selina, binti wa Babu, alisimama mlangoni.

“Baba Parmuat, shikamoo. Mate hapana.”

“Mate haya yamebariki mitamba na maharusi. Nani alikufa?”

“Hao hawakuwa na betri,” Babu alijibu kutoka kitandani.

Mzee Parmuat alichukua fimbo yake, akageuka bila kugusa chai. Daktari aliogopa wadudu, lakini Babu aliogopa kumpoteza mtu huyo, akamwita: “Bariki mabuti yangu.”

“Mmbulu wewe, nimetoka Endulen kuja kutemea viatu?”

“Ndiyo yatakayonipeleka kliniki.”

Akayatemea, yote mawili, kwa ukarimu. Kisha akanywa chai. Kidonda kilipona kikavu, na kila kliniki Babu alienda na mabuti hayo, hata kiangazi.

Tarehe 9 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, na tarehe 12 akafariki. Betri ilikuwa bado nzima, na kovu lake safi.

Ameacha mjane, Bibi Bernadina, watoto watano, wajukuu kumi na wawili, na rafiki mmoja aliyeketi mbele pale na fimbo yake.

Babu Parmuat, leo Shangazi Selina hasimami mlangoni. Sogea kwenye jeneza, ubariki kile kifua.

Lala kwa amani, Babu Piusi. Mikono tumenawa.