Ufunguo wa Lango la Maji

Mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Nani Huyo kwa sababu hakufungua mlango kabla ya kuuliza hivyo mara tatu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili wa mchimba mitaro. Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi wa maji. Huko alimtaka mwalimu athibitishe kwamba maji huteremka.

Mwaka 1977 alimwoa mama yetu. Posa ilikubaliwa siku ileile, naye akaingiwa na wasiwasi: "Mbona upesi hivi? Kuna nini?" Wakwe walicheka. Yeye hakucheka.

Kuanzia 1989 alisimamia hifadhi ya ndege ya pwani. Tuta la zamani lilikuwa limezuia maji ya bahari, mikoko ikafa, ndege wakahama. Alilikata tuta, akaweka lango la mbao la kuingizia maji, akapanda miche. Ndege wakaanza kurudi. Lakini mwaka 2003, aliporejea kutoka safarini, alikuta lango limefungwa, tope limepasuka na miche yote imekauka. Alilia waziwazi. Akapanda upya, akatia lango kufuli, akawa analifungua mwenyewe kila bahari inapojaa, na ufunguo akauvaa shingoni, hata bafuni.

Alimshuku shemeji yake, kaka wa mama, kwa kuwa alilima mchicha nyuma ya tuta, na maji ya chumvi yangeuunguza. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akamvizia miaka ishirini, arusini na misibani.

Figo zilianza kumsumbua 2022. Hospitalini alinusa kila kidonge kabla ya kukimeza. Kifo hakikumtisha, kilichomnyima usingizi ni ufunguo. Angemwachia nani? Sisi wanawe tuliuomba, akatutazama kama wezi.

Wiki yake ya mwisho alimwita shemeji.

"Mara ile ni mimi," mjomba alisema, machozi yakimtoka. "Mchicha ulikuwa karibu kuvunwa. Nikasema nitafungua kabla hujarudi. Nikachelewa."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Akavua ufunguo, akampa. Tulipolalamika, akatukatiza: "Huyu nimemchunguza miaka ishirini, na lango hajaligusa tena. Nyie nitawajua lini?"

Alifariki tarehe 14 Machi 2024, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na shemeji mmoja ambaye hamumwoni hapa kaburini. Msinong'one. Saa hii bahari inajaa, naye yuko langoni anafungua.

Mzee wetu na apumzike, safari hii bila wasiwasi.