Maji ya Mfereji wa Kilcrone

Padre Colgan, ndugu, jamaa, na ninyi mliosimama nyuma karibu na mlango kana kwamba mmekuja kukagua paa, familia ya Malachy Guinan inawashukuru kwa kuja, na imempa mjukuu wake kazi ya kusoma maisha ya babu yake kwa sababu wengine wote wana vyeti lakini mwenye sauti ni mmoja tu, basi zimeni simu, msikilize.

Malachy alizaliwa tarehe 3 Februari 1955, hapa hapa Cloonagarra, kaunti ya Offaly, mtoto wa nne wa mzee Bartley Guinan na mama Honor, katika nyumba yenye kinamasi mlangoni na kinamasi dirishani, na mkunga alipouliza maji ya moto yako wapi, Bartley alimjibu kwamba ya baridi yapo mpaka shingoni, ya moto asubiri.

Alianza shule ya msingi Kilcrone mwezi Septemba 1960, akaiacha Juni 1969 akiwa na miaka kumi na minne, baada ya mwalimu kumwita Bartley na kumweleza kwamba kichwani mwa kijana hamkai kitu, naye Bartley akasema, "Kichwa ni cha kuvalia kofia, mwalimu, mimi nataka mikono," falsafa ambayo ukoo huu umeirithishana bila aibu mpaka leo. Katika mchezo wa magongo aliilindia parokia hii goli kwa misimu kumi na mmoja, na wapo humu wanaonong'ona kwamba alifungwa mengi, hao wakumbuke kwamba mabeki walikuwa baba zao.

Tarehe 8 Mei 1972 aliajiriwa na shirika la mboji, ule udongo mweusi wa kinamasini unaowaka kama kuni ukikauka, enzi hizo serikali ikisema kinamasi ni mali iliyolala, kikaushwe, mboji ikatwe, ikachomwe mitamboni, itoe umeme, na aliyekuwa na mashaka aliambiwa hapendi maendeleo. Malachy alipewa mashine ya kijiko achimbe mifereji ya kutoa maji, na tunasema mbele ya altare kwamba hajazaliwa mtu aliyechimba mfereji ulionyooka kama wake, wenzake walikuwa wanachimba nyoka, yeye anachimba rula. Mfereji wa Kilcrone, ule unaopita chini ya ukuta wa makaburi yetu, aliuchimba kiangazi cha mwaka 1981, na kuanzia hapo kaburi likichimbwa udongo ulitoka mkavu, watu wakaja kuzika wapendwa wao bila mabuti, wamevaa viatu vya Jumapili.

Mkewe, Attracta Rigney, alikuwa mpishi katika kantini ya shirika, na siku ya kwanza alipomwona kijana ameingia na matope mpaka magotini alimsimamisha mlangoni na mwiko mkononi, akamwambia, "Wewe, matope yabaki nje, na kama hayakuachi, baki nayo," naye kesho yake akaja pekupeku, mabuti ameyaning'iniza shingoni, kantini nzima ikaangua kicheko, Attracta akamwongeza viazi. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 21 Aprili 1979, wakajaliwa Dympna mwaka 1980, ambaye amekaa hapo mbele, na Colman mwaka 1983, ambaye yuko Perth, Australia, anatutazama kwenye simu, Colman, vaa shati, watu wanakuona.

Attracta alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 14 Novemba 2017, akazikwa kando ya ukuta, udongo mkavu, na Malachy alipomrushia konzi lake la udongo alisema kwa sauti, tukasikia wote, "Nakuja, usijitandaze, niachie upande wangu." Kuanzia siku hiyo hakuwa na mpango mwingine maishani, alikuwa na upande wake wa kitanda, na alikuwa anausubiri.

Alistaafu mwaka 2020, mitambo ilipozimwa, na mwaka uliofuata serikali ile ile ikaja na neno jipya, kwamba kinamasi kikikauka kinatoa hewa ya ukaa inayoharibu hali ya hewa ya dunia, sasa mifereji izibwe, maji yarudi, hewa hiyo ibaki imefungwa chini, na wakulima wa mabondeni walipwe wapunguze ng'ombe. Ukumbi wa parokia ulijaa, afisa alikuwa mama mmoja mpole kutoka Dublin, na jirani yetu Pakie Kinnarney akamkatiza, "Miaka hamsini mnatuambia tukaushe, leo tuloweshe, kesho si mtatuambia tukinywe?" Yule mama akasema hata yeye anaona ni mengi, na kwamba mfereji wa makaburini usiguswe kwanza, uachwe upimwe.

Hapo ndipo Malachy aliposimama, mtu ambaye hajawahi kupimiwa maji na yeyote, akasema, "Dada, mfereji ule ni mtoto wangu, nimeuchimba, nitauziba, na maji yatazunguka yaende mtoni, na yakifika kwa Attracta, nizikeni nikiwa hai." Watu walipiga makofi, hata Pakie, kwa sababu kama Malachy hana hofu, nani awe nayo, na yule afisa akakunja karatasi zake, akamwamini. Familia inalisema hili waziwazi ili asitukanwe mtu mwingine, neno lilikuwa la babu, na mkono uliojaza udongo kwenye mfereji, tarehe 6 Septemba 2022, ulikuwa wake.

Mwanzoni alitamba, na alikuwa na haki, kwani moss ile ya kijani, mimea laini inayonyonya maji kama sifongo, ilirudi, na ndege wa majimaji waliohama tangu utoto wake wakarudi kulia alfajiri, akawa anawaita watu waje wasikilize kana kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuimba. Kisha ikaja mvua ya majira ya baridi ya 2023, maji hayakuzunguka, hayakwenda mtoni, yalipanda, na asubuhi moja ya Desemba marehemu alipopeleka maua alikuta jiwe la Attracta limeinama, na juu ya kaburi lake pamelala maji, meusi, yametulia kama chai.

Aliyateka kwa ndoo, yakarudi, akayateka tena, na Pakie alipopita barabarani na trekta alimpigia kelele, "Malachy, pole, lakini si Attracta hakujua kuogelea!" na marehemu aliinama tu akaendelea kuteka, na kesho yake Pakie alimletea pampu, hajawahi kutania tena kuhusu jambo hilo. Malachy alikwenda ofisini kuomba azibue, akaambiwa kwa heshima zote kwamba hewa ya ukaa ya kinamasi kile imeshahesabiwa kwenye ahadi za nchi za kupunguza hewa hiyo, hauzibuliwi mfereji mpaka wataalamu wakague, na wataalamu watakuja baada ya kiangazi, akawauliza, "Na yeye alale wapi mpaka kiangazi?" Kiangazi kilipita, ukaguzi ukasogezwa, na vumbi la mboji alilovuta kazini kwa miaka arobaini na minane likaanza kudai mapafu yake, ikawa ngazi tatu za kanisa hili ni mlima, na kila jioni swali lake ni moja, maji yamefika wapi.

Jumapili ya tarehe 12 Januari mwaka huu wa 2025, wakati sisi tuko misani, alichukua sepetu, akajikokota mpaka kwenye udongo alioujaza mwenyewe, akauchimba kwa mikono yake, na Pakie alimkuta amekaa ukingoni, amelowa mpaka kifuani, hawezi kusema, ananyoosha kidole tu, na kweli maji yalikuwa yanakwenda. Alilazwa hospitali ya kaunti na homa ya mapafu. Jumatano, tarehe 15, amri ilikuja kutoka ofisini, mfereji ukazibwa tena, na waliouziba ni vijana wetu, wamo humu ndani, hatuwataji, wana watoto wa kulisha, na babu naye aliila mishahara hiyo hiyo. Jioni ile alivuta barakoa ya oksijeni pembeni, akamuuliza bintiye, "Yanakwenda?" naye Dympna, ambaye ameruhusu hili lisomwe, akamwambia, "Yanakwenda, baba, mpaka mtoni." Alifariki Jumapili, tarehe 19 Januari, saa tatu asubuhi, uso umetulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, akina mama walioandaa chai na mikate ya nyama, na majirani waliochimba kaburi jana kwa desturi yetu, waliokuta maji kabla shimo halijafika kiunoni, na Pakie, ambaye hayuko humu kwa sababu tangu alfajiri yuko kule na pampu, akiizima tu yanarudi. Viatu vya Jumapili viacheni, mabuti yako mlangoni, na tukitoka hapa twende upesi, tumshushe kabla hayajapanda.

Babu, mwanao alikuambia yanakwenda, na hayaendi, msamehe, alitaka ulale. Bibi Attracta, mpokee hivyo hivyo, safari hii tumeshindwa kuyaacha matope nje. Msogelee, babu, upande wako upo, na amani ikufikie huko kabla ya maji.