Nyumba ya Uzazi ya Mghange Ilianza kwa Majivu

Bwana Mkuu wa Wilaya, Bwana Mwenyekiti wa Halmashauri, Chifu wetu, Mchungaji wetu, waheshimiwa wageni mliopanda mlima huu kutoka Voi na Taveta na vumbi lenu bado mabegani, wazee wetu, akina mama wenzangu, na ninyi watoto mliokalia ukuta ambao naomba Mungu simiti yake iwe imekauka: hamjambo nyote?

Mimi ni Tryphena Mkamburi, mkunga. Kamati imeniomba nieleze jinsi nyumba hii ya uzazi ilivyopangwa mpaka ikasimama. Nitaeleza nilivyoona.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za vuli, Elsie, mkaza mwana wa Mzee Mwandawiro, alishikwa na uchungu. Vijana walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na mtoto hakutungoja. Alizaliwa kando ya njia, chini ya jani la mgomba nililolishika kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukimpokea. Mama na mtoto walipona, Mungu ashukuriwe. Lakini ni nani kati yetu aliyesikia habari ile asijiulize, kesho itakuwa zamu ya nani?

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani hawakwenda nyumbani. Walishuka mtoni kubeba mawe. Hakuna aliyewaamuru. Wazee walibeba, wasichana walibeba, hata wenye nguo za kwaya walibeba. Mawe yakarundikwa pale kwenye uwanda, juu ya chemchemi, na wanaume wakaanza kuchimba msingi huku wakiimba.

Ndipo akatokea Bwana Maundu, huyu mnayemwona ameketi pale, anatazama kofia yake kama kwamba hasemwi yeye. Halmashauri ilimtuma kutoka Voi, awe msimamizi wa majengo. Alisimama ukingoni mwa shimo akauliza, "Mnajenga nini?"

"Nyumba ya uzazi!"

"Ya vyumba vingapi?"

Mmoja akasema viwili, mwingine akasema sita.

"Na maji machafu yatakwenda wapi?"

Mtu mmoja, sitamtaja kwa kuwa mkewe yupo hapa, alinyoosha kidole kuelekea mteremkoni. Kidole kikaiangukia chemchemi yetu, ile tunayoinywa sote. Akakikunja polepole, akakitia mfukoni.

Bwana Maundu akasimamisha kazi siku ileile. Nitasema kweli: alichukiwa. Bwana DC atanisamehe, lakini siku hizi mtu akitoka serikalini na kusema "simameni", nani anayemwamini mara moja? Wengine walisema ametumwa kutuvunja moyo. Angeweza kupanda lori akarudi zake Voi. Hakurudi. Alilala kwa Mchungaji, na asubuhi akatuomba tutembee naye.

Tulitembea kilima chote. Hapa maji yanatuama. Pale upepo utang'oa mabati. Kule lori halitaweza kugeuka. Mwisho tukafika mahali hapa mlipoketi: chini ya chemchemi, karibu na barabara, ardhi imara. Tatizo lilikuwa moja tu. Palikuwa shamba la Mzee Mwandawiro, ametoka tu kuvuna mahindi.

Mzee alisema, "Shamba hili linalisha watu. Nyumba yenu hata haijulikani ilivyo. Nitoe ardhi yangu kwa ajili ya maneno?"

Bwana Maundu akamjibu, "Mzee, niazime mpaka jua litakapotua. Nikuonyeshe nyumba yenyewe."

Akatuagiza akina mama tulete majivu. Tulileta kwa vyungu na kwa masufuria, tukidhani mtu huyu ameshikwa na malaria. Akapigilia vigingi, akavuta kamba za katani, akamwaga majivu kufuata kamba. Mzee Mwandawiro akaja kuangalia, akatembea moja kwa moja mpaka katikati.

"Mzee!" Bwana Maundu akapiga kelele. "Umepita ukutani!"

Ndugu zangu, tulicheka mpaka tukashikana. Mzee akatazama chini, akarudi nyuma, akazunguka mpaka akaupata mlango. Akapiga hodi. Sote tukaitika, "Karibu!"

Kuanzia hapo kila mtu alitaka kuingia. Elsie akajilaza mahali pa kitanda. Vijana wakaja na machela yao, wakashindwa kukata kona mlangoni. Bwana Maundu akayafagia majivu, akaupanua mlango. Nikamuuliza, bibi anayekuja kumpikia mzazi uji atakaa wapi? Akafagia tena, akachora jiko. "Ndiyo maana sikuanza na mawe," alisema. "Majivu yanafagiliwa."

Mimi nimesomea ukunga, sikusomea ujenzi. Lakini siku ile nilielewa kwamba kupanga ni kugombana mapema, wakati ukuta bado unaweza kuondolewa kwa ufagio.

Jua likatua. Bwana Maundu, mtu wa ahadi, akaanza kukunja kamba zake. Mzee Mwandawiro alikuwa bado amekaa ndani ya kile chumba cha majivu, kando ya mkaza mwana wake, amemshika mjukuu.

"Acha," akasema. "Usiondoe kamba zako."

Yaliyobaki mnayajua. Ramani ilikwenda Halmashauri, ikarudi na marekebisho, ikaenda tena. Simiti haikuagizwa mpaka mvua zilipokwisha, isije ikaganda ndani ya magunia. Ilishuka kwa treni pale Voi, ikapanda kwa lori, na yale mawe ya Jumapili ndiyo yaliyo chini ya nyumba hii. Kwa hayo yote, kwa Mzee, kwa Bwana Maundu, kwa kila mgongo uliobeba, kamati inasema ahsanteni.

Bwana DC, nimebakiwa na neno moja, nalo ni la kukuomba radhi. Umeuona utepe mwekundu pale mlangoni, unakungoja uukate. Alfajiri ya leo Bwana Kimeu, dereva aliyetuletea viti hivi, alimpandisha mkewe Risper aje kuona sherehe. Walidhani siku zake bado. Walipofika hapa, siku zikawa zimefika nao. Utepe ulikuwa tayari umefungwa. Risper akainama, akapita chini yake, nami nikamfuata.

Kwa hiyo nyumba imekwisha kufunguliwa, Bwana. Imefunguliwa na msichana mnene, mwenye sauti ya kuishinda bendi ya shule.

Kwa kunitegea masikio, ahsanteni sana. Ila nawasihi, mkinipigia makofi, yawe ya vidole viwili tu. Ndio kwanza amelala.